Uzee Si Fainali

Fainali uzeeni. Msemo huu umeandikwa nyuma ya daladala, unasikika kwenye vikao vya vikoba, kwenye sherehe za kuwaaga wastaafu na hata mimbarini. Anayeusema humaanisha kwamba uzeeni ndipo itakapojulikana nani alijenga, nani alisomesha watoto, nani aliweka akiba na nani alitapanya. Unapokelewa kama wosia wa busara. Mimi nauona ni msemo katili, na kibaya zaidi, hausemi kweli.

Mzee wa miaka 75 anayelala na njaa Masasi ameshahukumiwa na msemo huu kabla hajafungua mdomo. Alizembea. Tena hukumu hiyo haiishii kwake. Ikiwa umaskini wa uzeeni ni malipo ya ujana wa mtu, basi hakuna mwingine anayedaiwa: si Serikali, si jamii, si mimi niliyekula chakula alichokilima. Ndiyo maana nasema msemo huu si wa mtaani tu. Ndio falsafa iliyo nyuma ya sera zetu, ingawa hakuna waziri atakayeutamka bungeni kwa maneno hayo.

Chukua mtu aliyezaliwa mwaka 1950 huko kusini, katika nchi ya korosho. Akiwa kijana alifanya kile hasa ambacho wahubiri wa fainali wanakitaka: alipanda mikorosho. Mkorosho ni akiba. Unaupanda ukiwa na nguvu, unazaa kwa miongo, unakulisha wakati jembe limekuwa zito. Akiwa na miaka 24 ikaja Operesheni Vijiji. Akahamishwa, mara nyingi kwa nguvu, akapelekwa kijijini mbali na mashamba yake. Mikorosho ikaachwa bila kupaliliwa, moto ukapita, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ubwiriunga na bei mbovu vilichangia, lakini watu kutenganishwa na miti yao kulichangia pia, na hilo halikuwa uzembe wa mkulima.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, zao lake likawa linanunuliwa na mamlaka ya zao, na fungu lake katika bei ya soko la dunia likazidi kumegwa. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza na baada yake duka la kijiji likawa halina sabuni. Alipofika miaka 36 nchi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ada ya shule ya msingi ikarudi katika miaka hiyo ya 1980 na haikufutwa hadi mwaka 2001, maana yake watoto wake walisoma katika kipindi kilekile cha kulipia. Mwaka 1993 hospitali nazo zikaanza kudai fedha. Na tangu miaka hiyo ya 1980 alikuwa akitoa kodi ya maendeleo, ambayo mgambo waliifuata hadi shambani na wengine wakalala mahabusu kwa kuikosa, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Wakati huo ana miaka 53, mgongo umeanza kuuma, na ndipo anaanza kusikia kwenye redio kwamba fainali ni uzeeni.

Nionyeshe mahali mtu huyu alipozembea. Amelima tangu utotoni. Ametozwa bila kukoma. Fedha za kigeni zilizonunua dawa na mafuta ya nchi changa zilitoka kwenye korosho, pamba, kahawa na mkonge, na mazao hayo yalitoka mikononi mwa watu wa rika lake. Leo wapo wanaouita mpango wa kumpa chochote "fedha ya bure". Fedha hiyo si ya bure. Alikwisha kuilipia kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Lakini angeweka akiba, naambiwa, kwani akiba haiozi. Inaoza. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa takribani shilingi 17. Mwaka 2000 ilikuwa takribani shilingi 800. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 30 kila mwaka, na riba ya benki haikufua dafu. Mwalimu au karani aliyekuwa mwadilifu wa kuweka shilingi zake benki kila mwezi aliadhibiwa kuliko jirani yake aliyenunua mabati. Hakuna kitabu cha ujasiriamali kilichomwambia hilo mapema, na hata kama kingemwambia, mabati yenyewe yalikuwa ya kibali.

Tuseme hayo yamepita, sasa tuna utulivu. Basi tupige hesabu ya sasa. Kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2022, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kilimo katika sekta binafsi kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Aweke fungu la kumi, 10,000, kila mwezi, kwa miaka 30, bila kukosa hata mwezi mmoja: asiugue, asifiwe, asiwe na mtoto wa kupeleka sekondari. Atakuwa na shilingi 3,600,000. Akiishi miaka 15 baada ya kuacha kazi, anagawiwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Riba inaweza kuongeza kidogo na mfumuko wa bei ukapunguza zaidi. Huyo ni mwadilifu kupita wote tunaowajua, amejinyima miaka thelathini, na fainali yake ni shilingi mia sita na kitu kwa siku. Anayeliita hilo suala la nidhamu ya fedha hajawahi kuipiga hesabu hiyo kwa kalamu.

Na walio kwenye ajira rasmi je? Nao wameona mengi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, maelfu ya Watanzania waliokuwa wafanyakazi wa reli, posta, bandari na shirika la ndege walibaki wanadai. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikakubali kubeba pensheni za watu wake. Wastaafu wetu waliendelea kudai kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo. Walikaa barabarani Dar es Salaam na bakora zao na vyeti vyao vya utumishi, wazee walioendesha treni na kutengeneza simu, na wengi walifia kwenye foleni ya madai. Hawa walichangia. Walikuwa na namba, na majalada, na barua za ajira.

Kisha kikaja kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Kanuni za mwaka 2018, baada ya mifuko minne ya pensheni kuunganishwa kuwa PSSSF, zilitaka mkupuo wa mstaafu uwe asilimia 25 ya mafao yake, wakati wengi katika utumishi wa umma walikuwa wamezoea asilimia 50. Kelele zilikuwa kubwa hivi kwamba Rais Magufuli alizisimamisha mwezi Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikapangwa 33, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu. Sina ugomvi na walimu na wauguzi waliopiga kelele. Walikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba taifa zima lilibishana miaka sita juu ya asilimia, huku wazee walio wengi wakiwa hawamo hata kwenye hesabu. Ili NSSF ikulipe pensheni ya uzeeni unahitaji michango ya miezi 180. Mama aliyeuza vitumbua miaka arobaini pale stendi hana hata mmoja. Kumfungulia mpango wa hiari leo, akiwa na miaka 66, ni kumfungia mlango kwa adabu.

Hapo ndipo watetezi wa mambo yalivyo hutoa hoja yao wanayoipenda kuliko zote: sisi ni Waafrika, watoto ndio pensheni yetu. Pensheni ni mambo ya Ulaya, ambako wazazi hutupwa kwenye majumba ya wazee. Husemwa kwa fahari, na fahari hiyo ina msingi. Najua watoto wengi wanaotuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi hadi wao wenyewe wanabaki na nauli tu. Lakini hoja hii hutolewa na watu walewale ambao kesho yake watamwambia kijana kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wachague moja.

Tena kuna mahali ambapo hoja hiyo ilijaribiwa ikashindwa, na ni hapahapa nchini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa mkoani Kagera, mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, waliokufa walikuwa wa umri uleule wa kuzaa, kulima na kutunza wazazi. Wazee wakabaki na wajukuu. "Pensheni" yao ilikuwa imezikwa mgombani, na juu ya hayo wakaanza kulea upya, wakiwa na miaka sabini, watoto wa miaka mitano. Mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee ulianza kuwalipa wazee wa Muleba kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Watafiti walipochapisha matokeo mwaka 2008, waliipa ripoti yao jina lililotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hivyo ndivyo vitu walivyonunua wazee. Fedha ya bibi iliishia mguuni mwa mjukuu.

Kwa mjane hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata sheria imemkabidhi kwa watoto. Kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mwanamke anapalilia shamba miaka arobaini, mume anakufa, shamba linakwenda kwa shemeji, naye anapewa watoto kama hati ya malipo. Ikiwa hakuzaa, au amewazika, au mwanawe ni kibarua wa miwa Kilombero anayeishi kwa kukopa, hati hiyo hailipiki. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliikemea Tanzania kwa jambo hili mwaka 2015. Sioni utamaduni wa kujivunia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kulisema. Mchumi Edward Miguel alichunguza mauaji ya watu walioitwa wachawi katika wilaya ya Meatu, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2005. Miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji hayo yaliongezeka mara mbili hivi. Waliouawa walikuwa karibu wote vikongwe wanawake, na wauaji kwa kawaida walikuwa jamaa zao. Mauaji mengine hayakuongezeka miaka hiyo. Tumezoea kusimulia habari hizi za Usukumani kama ujinga wa kuamini kwamba macho mekundu ni alama ya uchawi, ilhali macho hayo ni mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe. Takwimu za Miguel zinasimulia habari nyingine: ghala linapokuwa tupu, mdomo wa mzee unakuwa wa kwanza kuhesabiwa kuwa umezidi. Siilaumu familia ya Kiafrika kwa jumla. Nasema familia yoyote ikibebeshwa mzigo ambao taifa limeukwepa, iko siku itavunjika, na atakayekuwa chini yake ni yule asiyeweza kukimbia.

Kwa hiyo woga tulionao wa kuzeeka maskini ni woga wenye akili. Kosa letu ni kumwachia kila mtu aubebe peke yake, na humo unafanya uharibifu ambao hatuuhesabu. Angalia mtumishi wa miaka 57 anavyojenga vyumba vya kupangisha kwa mikopo mitatu kwa mpigo. Angalia waliopeleka mitaji yao DECI, upatu ule uliofungwa mwaka 2009: wengi wao hawakuwa walafi, walikuwa watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kuweka uzee wao. Angalia afisa anayeanza kudokoa karibu na kustaafu, baada ya miaka thelathini ya uaminifu. Simtetei. Lakini nchi inayomwambia kila mtumishi kwamba akistaafu atajijua mwenyewe, kisha ikamhubiria uadilifu, inafanya kazi mbili zinazopingana. Woga huohuo ndio unaowafanya wengine wazae watoto saba ili wawili wapate kufanikiwa, na wale watano?

Nataka kitu kimoja, nacho nakitaja bila kuzunguka: pensheni ya wazee wote, Tanzania Bara, inayolipwa kutoka kwenye kodi, bila kumuuliza mtu kama aliwahi kuchangia. Zanzibar inayo. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 ana haki ya Pencheni Jamii, akiwa waziri mstaafu au mvuvi wa pweza wa Makunduchi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na inalipwa na bajeti ya Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Kenya imewalipa wazee wa miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kupitia Inua Jamii tangu mwaka 2018, pamoja na ucheleweshaji wake unaowatesa watu. Sijasikia kwamba mapenzi ya watoto kwa wazazi yamekufa Unguja tangu 2016.

Hatuna uwezo, naambiwa tena. Lesotho, nchi ndogo ya milima isiyo na bahari wala gesi, ilianza kuwalipa wazee wake wa miaka 70 mwaka 2004. Nepal ilianza mwaka 1995, ikiwa maskini kuliko tulivyo leo, na ilianza na wa miaka 75. Hapa kwetu Wizara ya Kazi na shirika la HelpAge walishatoa upembuzi yakinifu wa pensheni kama hii mwaka 2010. Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Wazee milioni moja wakilipwa 50,000 kwa mwezi ni shilingi bilioni 600 kwa mwaka. Bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Bilioni 600 ni shilingi moja na senti ishirini hivi katika kila shilingi mia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tatu wenye miaka 60 na kuendelea, na waliofika 70 ni sehemu tu ya hao. Tukianza na 30,000, au na wa miaka 75, gharama inashuka zaidi. Nchi inayonunua magari ya kifahari kwa maofisa wake haiwezi kunitazama usoni ikaniambia kwamba shilingi hiyo moja haipo. Ipo. Haijapangwa.

Wengine hukubali nusu: wapewe maskini tu, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) upo. TASAF imefika kwenye kaya zaidi ya milioni moja na imeokoa watu, sitaibeza. Lakini inatafuta kaya maskini, haitafuti wazee. Mzee anayeishi nyuma ya nyumba ya mwanawe yenye bati jipya hahesabiki kuwa maskini, hata kama yeye hashiki shilingi mwaka mzima na anaomba fedha ya panadol kwa mkwewe. Na katika kijiji ambacho karibu wote ni maskini, kuchagua nani ni maskini zaidi ni kupanda chuki. Umri hauna upendeleo. Haumhitaji mwenyekiti wa kijiji akuonee huruma. Kwamba matajiri wachache nao watalipwa, sawa. Tutawatoza kodi.

Watainywea pombe? Wapo watakaoinywea, kama wapo wabunge wanaozinywea posho zao, na hakuna aliyependekeza zifutwe. Mchumi Esther Duflo alipochunguza pensheni ya Afrika Kusini aligundua kwamba wasichana walioishi na bibi anayelipwa pensheni walikuwa na afya bora zaidi. Hapo nimeridhika.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu ya 1977 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee. Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Kwa hiyo bibi wa Muleba ana haki iliyoandikwa, ila hana mahali pa kuidai. Hakimu hawezi kumsaidia. Anayeweza ni mbunge wake, na bajeti husomwa Dodoma kila Juni. Kabla ya Juni ijayo kila mgombea na kila mbunge aulizwe swali moja mkutanoni: umri gani, kiasi gani, kuanzia lini. Asikubaliwe kujibu kwa kusifu wazee na kugawa kanga na sukari.

Na mpango huo ukipitishwa, utengenezwe kwa ajili ya watu waliopo. Wengi wa umri huo vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao uthibitishwe na mkutano wa kijiji pale kitambulisho cha NIDA kinapokosekana au kinapokosea mwaka. Wengi vidole vyao vimesagika kwa mpini wa jembe hadi mashine haizisomi alama. Wawekewe njia nyingine ya kutambuliwa, na wasirudishwe nyumbani. Asiyeweza kutembea aruhusiwe kumteua mtu wa kumpokelea, mbele ya mashahidi. Fedha iingie kwa jina lake yeye, si la mwanawe wala la mkuu wa kaya. Na iingie tarehe ileile kila mwezi.